Baridi ama ya Moto

Mjomba wangu ni fundi wa AC. Wiki nzima anapanda mapaa ya nyumba za Mabela, hapa Muscat, kuwatafutia watu baridi, na Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, akitoka kanisani anachotaka ni bia moja ambayo haijapita kwenye friji. Kwa Mkenya wa umri wake hilo si jambo la ajabu. Kwetu mhudumu wa baa haweki chupa mezani kabla hajakuuliza unataka baridi ama ya moto, na ya moto ni ile iliyokaa tu kwenye kreti, basi. Muscat hakuna anayeuliza. Hapa baridi ndiyo heshima, na mgeni anapewa heshima hiyo mpaka meno yanamuuma.

Ndipo tukaanza kuzipa baa alama, tukisingizia kwamba ni mchezo. Kusema kweli tulikuwa tunamtafutia mjomba bia yake. Yeye alichukua upande wa bia. Rafiki yangu ninayekaa naye, muuguzi asiyeweza kula chakula kibaya akanyamaza, alichukua chakula na saida, ile pombe ya matofaa. Mimi ndiye dereva, na dereva wa mji huu hagusi hata tone, kwa hiyo nilipewa hali ya mahali: taa, viti, muziki, na jinsi mtu anavyotazamwa anapoingia. Nimekunywa soda ya ndimu katika hoteli nyingi za Muscat, maana baa zenyewe ziko humo hotelini, na kama nimewahi kulewa basi nimelewa uhakimu.

Na nilizipenda, sitaficha. Unatoka kwenye jua linalochoma hadi nyayo, unasukuma mlango mzito wa mbao, na ghafla uko mahali penye giza la upole, harufu ya viazi vya kukaanga, na watu wanaozungumza taratibu. Kuna moja upande wa bandari ambako nguru wa kukaanga alimfanya muuguzi wangu afumbe macho na kusahau kulalamika. Kuna nyingine yenye bendi ya Wafilipino. Mimi huimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu na si mwepesi wa kusifu, lakini usiku ule niliweka uma chini nikasikiliza. Saida tulizikuta nzuri karibu kila mahali, kavu, zisizolazimishwa sukari.

Bia ndiyo iliyotushinda. Mjomba alikuwa ameweka tumaini lake kwenye eli, ile bia ya Waingereza yenye rangi ya chai ya rangi, kwa kuwa alisikia wenyewe hawaigandishi. Kumbe wakifika Muscat na wao wanaigandisha. Alikuwa akiishika bilauri kwa viganja vyote viwili kama mtu anayeota jiko, akingoja ipate uhai, na mpaka ipate uhai chakula chetu kimekwisha. Hakuwahi kumwambia mhudumu lolote. Ni mtu wa kupokea anachopewa.

Halafu tukaingia katika baa ndogo chini ya hoteli moja, karibu na ofisi ninayofanyia kazi, mtaa wa Al Khuwair. Msichana aliyekuja mezani alikuwa na beji inayosema bado yuko kwenye majaribio. Alitusikia tukiongea Kiswahili cha kwetu, akatabasamu, akasema, "Karibuni sana. Mzee, yako ni baridi ama ya moto?"

Mjomba alivua miwani akaanza kuipangusa, na ilikuwa safi. "Ya moto," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Alimletea moja kutoka stoo. "Msiisifu kwa nguvu," akatuambia. "Sheria ya hapa, kila chupa inatoka kwa friji. Majaribio yangu yamebaki kidogo tu. Wakinishika narudishwa, na nyumbani wote wananiangalia mimi."

Nilipapa mahali pale alama zote, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Tulirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, na msichana akawa anamuuliza vilevile kila mara.

Ijumaa ya nne, mzungu mmoja mstaarabu wa meza ya jirani aliona chupa yake inatoka jasho na ya mjomba imekauka. Kwa wema wake mtupu akamwita meneja: yule mzee wa watu amepewa bia ya moto. Meneja alishuka kutoka juu, Mwomani mrefu mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, akamuuliza msichana kwa Kiingereza kwa nini mteja amepewa chupa isiyotoka kwenye friji. Msichana alikumbatia sinia kifuani hata beji ikafichika.

Nilimwinamia rafiki yangu nikamwambia kwa Kiswahili, "Mjomba asiseme kitu. Huyu kwa sura yake tu hasikii la mtu."

"Nnakusikia vizuri, bibie," alisema meneja bila kugeuka. "Na sura hii kanipa mama."

Nimeishi hapa miaka mingi na najua fika kwamba Muscat imejaa watu wenye asili ya Unguja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilipoinua uso, mjomba alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona akisimama mbele ya bosi wa mtu isipokuwa kupokea maagizo.

"Bwana, huyu binti hana makosa," alisema. "Mimi natengeneza AC. Naambiwa panda pale, fungua hapa, ongeza, punguza. Miaka yote niliyokaa hapa, huyu ndiye wa kwanza kuniuliza mimi nataka vipi. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi, nisirudi tena."

"Kaa, mzee wangu," alisema meneja. "Bibi yangu mpaka leo hanywi maji ya friji. Ana mtungi wake jikoni. Sote twamgombeza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza." Kisha akamgeukia msichana. "Kwa nini hukunambia?"

"Niliogopa, bosi."

"Basi kuanzia leo uliza. Meza zote." Akapanda ngazi. Kama msichana atabaki kazini au la hakusema, naye binti alituhudumia mpaka mwisho.

Wiki ile nilimwombea kuliko nilivyojiombea mwenyewe. Ijumaa tulifika mapema. Alikuja na beji mpya yenye jina lake tu, sinia mkononi, na juu yake chupa ya mjomba kutoka stoo ikiwa tayari imefunguliwa. Tulimpongeza, muuguzi akamkumbatia. Akaiweka chupa mbele ya mjomba.

Mjomba aliisukuma pembeni taratibu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Niulize kwanza."

Msichana alicheka, akarudi nyuma hatua moja, akasimama vizuri. "Mzee, yako leo ni baridi ama ya moto?"

Mjomba aliegemea kiti, akatazama dari, na akachukua muda wake kufikiria.