Gome Lililotuchoma Wote

Nilipokuwa na miaka minane, tukiishi ghorofa ya nne kule mtaa wa Huruma, jijini, nilikula firigisi ya baba yangu. Msomaji asiye Mluhya anaweza kucheka, lakini kwetu firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Jumapili hiyo kuku alikuwa amechinjwa kwa heshima ya nyanya yangu, Kukhu, aliyetutembelea kutoka Bungoma. Baba alipekua sufuria kwa mwiko, akapekua tena, kisha akamgeukia binamu yangu Nekesa, aliyepika.

"Firigisi iko wapi?"

"Aki si mimi, Anko."

"Basi kesho panda basi urudi nyumbani."

Nekesa alikuwa amebakisha mwezi mmoja amalize kujifunza ushonaji Kariobangi. Alianza kulia. Mimi nilijifanya natafuta mfupa kwenye sahani.

Hapo Kukhu akafungua mkoba wake, akatoa vipande vya gome. Asubuhi, tukitoka kanisani, alikuwa amesimama chini ya mti ambao sisi tuliujua kama kivuli cha fundi viatu tu. Alifikicha jani lake la kung'aa, akanusa, akakwaruza gome mpaka harufu ikatufikia sote, akaonja. Ni ule ambao majirani zetu Wakikuyu huuita muthiga.

"Mnakohoa mwaka mzima na dawa imesimama hapa?" alitucheka. Gome ni la kikohozi na jino, alisema, na ukilichemsha hutibu homa.

Sasa mezani akaongeza matumizi mengine.

"Mwenye uongo tumboni, mti huu humchoma mpaka autoe. Tafuneni wote."

Nilimwamini kabisa.

Baba alianza, kwa madaha ya mtu asiye na hatia. Baada ya muda mfupi macho yakamtoka. "Haya! Thamosi ya chai niliivunja mimi! Hakuwa paka!"

Mama alitaka kumgombeza, lakini naye tayari alikuwa akihema. "Mama, nisamehe. Ile sweta uliyonifumia nilimpa jirani."

Kukhu aliguna tu.

Langu sikulifikisha hata kwenye magego. "Ni mimi! Niliila! Na ilikuwa tamu!"

Baba angenichapa, ila alikuwa ameng'ang'ania jagi la maji. Nekesa hakupanda basi.

Tangu hapo nimetafuna muthiga mara nyingi, nikiwa na mafua na bila kosa lolote, na kila mara umenichoma kama pilipili. Humchoma kila mtu. Kukhu alilijua hilo vizuri, na kila Krismasi tunacheka mpaka mbavu zinauma tukikumbuka thamosi na sweta.

Lakini Nekesa naye alitafuna mchana ule. Machozi yalimtiririka, akatafuta la kuungama, akalikosa. Mwishowe akapiga magoti mbele ya Baba, akaomba msamaha bila kujua wa nini. Nikifika hapo katika hadithi hii, mimi huacha kucheka, na bado naona aibu.