Mkwe Mwisho wa Reli

Kila kiangazi mji wetu hujaa. Ni mji mdogo, umebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na reli inayotoka Tabora inaishia hapa, kwa hiyo mgeni hana pa kuendelea. Hushuka na mabegi, huuliza pa kuogelea, kisha hukanyaga dagaa tulioanika mchangani. Tumewazoea. Sisi hupangisha vyumba vyetu vizuri, tukajibana katika kile kibaya.

Mwaka huo mama yangu naye alikuja, kutoka Goweko, kijijini upande wa Tabora. Tangu niolewe hakuwahi kufika. Kwao mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni wala hawali chumba kimoja, ndiyo heshima. Lakini heshima hiyo inataka nafasi, na kwetu njia ya kushukia ziwani ni moja. Mume wangu akipanda na ndoo, mama anageukia mlimani. Mama akitoka kuoga, mume anaruka nje kupitia dirishani. Wageni walidhani wamegombana.

Nilicheka sana, mpaka mama aliponiambia, "Mwanangu, namtesa mwenye nyumba. Kesho narudi na treni ya jioni." Hapo roho iliniuma. Nilikuwa nimemngoja kwa miaka, na hata kuzoea ziwa alikuwa bado.

Kesho yake adhuhuri wingu likashuka kutoka milimani bila hodi. Dagaa wetu wote walikuwa juani, juu ya turubai kubwa. Nikapiga kelele. Mume wangu akaja mbio kutoka huku. Mama, mkulima wa tumbaku asiyeweza kuona zao likilowa, akaja mbio kutoka kule. Kila mmoja akashika upande wake, wakainua vichwa pamoja.

Hakuna aliyeachia, maana kuachia ni kumwaga dagaa. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, akafumba macho.

"Baba, utajikwaa," mama akamwambia. "Fumbua macho tukunje."

Wakakunja, mvua ikiwapiga, na mimi nikasimama pale nikicheka kwa furaha badala ya kusaidia.

Jioni mama alikula dagaa walewale chumba kimoja nasi. Alimpa mkwewe mgongo, lakini alikuwepo. Honi ya treni ikalia kituoni. Mama akanisogezea sahani yake.

"Niongezee ugali," akasema.