Saa za Kula Kuku

Mimi tangu zamani ni mtu wa kutotulia, na kazi ile ilinifaa kabisa. Miaka ya mwanzo ya Uhuru kila mtu alitaka ngoma na kila kampuni ilitaka timu ya mpira. Hoteli za Nairobi zilitaka wapiga ngoma za isukuti wa kuwachezea wageni, mashamba ya chai yalitaka washambuliaji wenye mbio. Bosi wangu, mwalimu aliyeacha chaki, alifungua ofisi ya chumba kimoja mjini Kakamega, akawa anawatafutia hao wote watu wao. Kusema kweli aliyetafuta ni mimi. Baiskeli ilikuwa ya ofisi, miguu ilikuwa yangu.

Sasa, kijana wa watu humchukui hivi hivi. Unafika kwao, unakaribishwa, unakaa. Unangoja mjomba wake arudi kutoka shambani. Obusuma, ugali wetu, inasongwa, ingokho, kuku wa mgeni, inachinjwa, na ole wako uonekane unaangalia saa. Ukila harakaharaka wanajua umekuja kuwaibia mtoto. Nilikula kuku, jamani! Nilikula Bukura, nikala Shianda, nikala majogoo wazee ambao hata meno yaliwakataa. Mdomoni natabasamu na kusifu mchuzi, chini ya meza kisigino kinapiga sakafu, kwa sababu vilima viwili mbele kuna nyumba nyingine inaningoja na kuku wake. Na haya yote ni jioni, ni Jumamosi, ni Jumapili, maana ndizo saa ambazo watu wako nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu nilitakiwa ofisini kama kila mtu.

Mke wangu alivumilia mwaka, kisha akaniambia, "Baba watoto, ama ulipwe hizo Jumapili, ama uzikae hapa." Alikuwa na haki. Nikaenda kwa bosi kudai ovataimu.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Kula kuku ni kazi? Kuna watu hapa mjini wangenilipa mimi niwape kazi hiyo!" Aliporudisha miwani, kicheko kilikuwa kimeisha. "Halafu wewe ni meneja, bwana. Meneja halipwi ovataimu."

Hapo aliniweza. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeomba nyongeza ya mshahara, naye badala ya nyongeza akanipa cheo. Alikipiga taipu kwenye karatasi nzuri: Meneja wa Vipaji. Mshahara ulibaki palepale. Nami, bwege wa mabwege, nilifurahi! Lakini nani asingefurahi siku zile? Vyeo vilikuwa vinawatoka Wazungu vinakuja kwetu, na mimi nilikuwa nimepata changu. Nilipanda baiskeli hadi nyumbani Shinyalu bila kusimama, nikampa baba ile karatasi.

Baba alikuwa amelima barabara za serikali ya mkoloni maisha yake yote, na huko aliitwa boi hadi nywele zikawa nyeupe. Aliisoma karatasi ile polepole, kidole chini ya kila neno. Jumapili akaisoma tena kanisani, baada ya matangazo. Akaenda nayo kwa kinyozi, akaenda nayo kwenye kinu cha posho. Ikawa sipiti njiani bila kusikia, "Meneja! Habari ya ofisi?" hata nikiwa na grisi ya mnyororo hadi kwenye viwiko.

Wiki moja ilitosha kunionyesha kwamba sikuwa meneja wa chochote. Sikuajiri mtu, sikufuta mtu, mkataba wowote sikuusaini. Hata funguo za ofisi sikuwa nazo. Asubuhi nilisimama mlangoni nikingoja bosi aje afungue, kama mteja. Lakini baba sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Nikapeleka malalamiko ofisi ya kazi ya serikali. Afisa alikuwa kijana mwembamba aliyevaa suti mpya, na alinieleza bila kuzunguka: ovataimu ni ya mfanyakazi, meneja hayumo. "Lete mtu anayejua unatoka nyumbani saa ngapi na kurudi saa ngapi," akasema. Tuliishi boma moja na baba, na hakuna aliyejua zaidi yake. Nikamwomba aje aseme saa tu. Saa peke yake! Akavaa koti lake la kanisani, akapanda nyuma ya baiskeli.

Bosi naye alikuja. Alianza na kuku, kama nilivyotarajia. Afisa akanigeukia. "Ulikula kwa sababu ulikuwa na njaa, ama kwa sababu usipokula hupewi mchezaji?"

"Bwana afisa," nikasema, "kuku wa tano kwa wiki moja haliwi kwa njaa."

Akacheka, akaandika. Nilidhani nimeshinda. Kumbe bosi alikuwa na nakala ya ile karatasi mfukoni. Akaiweka mezani.

Afisa aliisoma, kisha akamtazama baba. "Mzee, kijana wako anafanya kazi gani?"

Baba akasimama wima. Hakuna aliyemwambia asimame. "Huyu ni meneja," akasema. "Yeye anatokanga asubuhi, anarudinga usiku, kwa sababu watu wote wa ile ofisi wako chini yake. Anawaamuru. Kwa ukoo wetu ni yeye wa kwanza."

Bosi akaangalia dirishani. Alikuwa anatabasamu, mshenzi yule. Kalamu ya afisa ikaanza kushuka kwenye karatasi, na mimi nikaona Jumapili zangu zote, na mke wangu, na miguu yangu, vinafutwa kwa mstari mmoja. Kwetu humkatizi baba yako maneno, sembuse mbele ya serikali. 

"Si kweli," nikasema. "Baba, si kweli. Siamuru mtu. Hata funguo sina. Mimi ni tarishi wa baiskeli, walinipa jina tu."

Baba hakunigeukia. Alibaki amesimama, anamtazama afisa, mdomo wazi kidogo.

"Mzee," afisa akasema, kwa sauti ya chini sasa, "wewe unasemaje?"

 Nilitamani kukimbia, haki ya Mungu, niruke lile dirisha. "Andika vile amesema," baba akajibu. "Kazi ni yake, yeye ndiye anaijua." Kisha akakaa.

Basi ikaandikwa mfanyakazi, na bosi akaambiwa alipe, kuku na Jumapili zote. Alilipa. Lakini siku ile sikusikia raha yoyote. Nje nilimshikia baba baiskeli apande, akasema atatembea. Tukatembea, mimi nikiikokota, maneno yakinijaa kinywani: kwamba ni sheria, kwamba isingekuwa mbele ya afisa nisingesema, kwamba samahani. Nilisema yote, tena mara mbilimbili.  Tulipopita pale msitu unapoanzia, watu waliotoka sokoni wakatupungia mkono, "Meneja! Mzee wa Meneja!" Baba akawaamkia vizuri, akawaacha wapite.

Ndipo akasimama. "Cheo si kitu," akasema. "Hata mimi nimeishi bila cheo. Lakini mwaka mzima umekuwa ukiniona nikisimama mbele ya watu na karatasi ile, na ulikuwa unajua."

Akaendelea kutembea. Mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali pamoja dakika tano, nilisimama palepale barabarani, na miguu ikakataa kumfuata.