Mlango wa Maikrowevu ya Masinde

Plagi ya maikrowevu ilikuwa imechomolewa tangu asubuhi, lakini bado sikuiamini. Nikagusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki.

PAA!

Cheche ikaruka. Wafanyakazi wa hoteli wakarudi nyuma hadi ukutani.

Kidude hicho huweka umeme hata mashine ikiwa imezimwa, na kinaweza kuua. Yako ikiharibika, usiifungue mwenyewe.

Ilikuwa 1989, Kakamega mjini. Mimi nilikuwa fundi wa redio, nimejifunza kwa vitabu vya mitumba. Masinde, mwenye hoteli, alikuwa ameniita niseme mbele ya wote kwamba maikrowevu yake ni nzima.

Ningesema hivyo, mpishi wake Jescah angefukuzwa siku hiyohiyo, arudi kwao Malava.

Jescah alisimama karibu na karai, mkono wa kulia umefungwa leso. Ilikuwa siku ya tatu hawezi kushika mwiko.

"Moto hauko humo ndani," Masinde akaniambia. "Sasa ameungulia wapi? Huyu hupendanga kujifanya."

Sihukumu kitu kabla sijakifungua. Nikaendelea kutoa skrubu moja moja, nikizipanga kwenye kisosi, mpaka nikafika kwenye mlango.

Hapo nikaweka bisibisi chini.

Mlango wa maikrowevu una swichi. Ukiufungua, kila kitu kinazimika. Hizi zilikuwa zimeunganishwa kwa waya. Mashine ingepika mlango ukiwa wazi kabisa.

Nikamuuliza Jescah polepole kama aliingiza mkono ikiwa inafanya kazi. Alimtazama Masinde kwanza. Kisha akaeleza.

Wateja waliotoka kwenye mapigano ya fahali Malinya waliagiza ingokho, kuku wa kienyeji. Na mgeni wa heshima lazima aone imondo yake, ile firigisi, kabla kuku hajakatwakatwa. Wengine walidai imondo zinaliwa jikoni. Kioo cha mlango kilikuwa kimeganda mafuta, hakuna aliyeona kitu. Basi Masinde akaufanya mlango ukae wazi. Kazi ya Jescah ikawa kuzungusha sahani kwa mkono humo ndani, mashine ikipika, ili kila mtu aridhike.

"Nilisikia joto ndani ya mfupa, fundi," akasema. "Ngozi haikuwa na kitu."

Nikamgeukia Masinde. Siongeangi kwa sauti, lakini siku hiyo niliipaza.

"Mzee, mashine hii haina moto. Inatoa mawimbi, yanatikisa maji yaliyo ndani ya nyama mpaka yanachemka. Mkono wa mtu una maji kama hiyo ingokho."

Nikamwonyesha wavu uliomo ndani ya kioo. Matundu yake ni madogo: mwanga unapita, mawimbi hayapiti. Mteja angeona imondo yake mlango ukiwa umefungwa. Kilichohitajika ni kitambaa na sabuni.

Kitambaa na sabuni! Mtu amepikwa mkono kwa kukosa kitambaa.

Masinde hakukasirika. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza.

"Na huyu aliyenifundisha ni nani, fundi?"

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikakumbuka. Miezi miwili nyuma alipita kibandani kwangu, akauliza swichi ya mlango ikiharibika, waya zinaunganishwaje. Nilikuwa na redio ya mtu mkononi. Nikamchorea vizuri, hata mishale nikaweka.

Sikumuuliza mlango wa nini.

Jescah aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Nikakata plagi kwa koleo, nikaitia mfukoni. Masinde akauliza ni mali ya nani ninayoharibu. Nikamwambia kwamba Jescah haendi Malava. Kesho asubuhi tunaenda hospitali sote watatu. Yeye Masinde atamwambia daktari aliufanya mlango ukae wazi kwa nini, nami nitasema nani alimchorea.

Ndugu msomaji, usiweke chuma wala yai zima ndani ya kitu hicho. Mlango usipofunga sawasawa, usiwashe. Na wewe unayejua kazi, mtu akikuuliza namna ya kuondoa kizuizi, muulize kwanza kinamzuia nani asiumie.

Jioni ile niliiacha mashine wazi mezani, skrubu kumi na nne kwenye kisosi. Swichi mpya sikuwa nazo. Nilichukua kitambaa na sabuni, nikaanza kusugua kioo. Giza liliingia nikiwa nimefika nusu.