Ukuta Nilioukandika Kabla ya Nyaya

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kuta nazijua. Nyumba yangu hapa Bukiriro niliisimamia tangu tofali la kwanza, na kila mwaka kabla ya Pasaka naikandika mwenyewe kwa udongo mweupe wa bondeni na samadi ya ng'ombe. Mwanamke wa huku akikaribisha wageni kwenye ukuta wenye nyufa, watasema amechoka kuishi.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, anajifunza ufundi umeme kwa fundi mmoja wa Rulenge. Mwaka mzima kazi yake ilikuwa kubeba ngazi na kupasua kuta kwa nyundo na tindo. Waya hakuruhusiwa kugusa. Akirudi nyumbani kope zimejaa vumbi jekundu, jirani yangu humcheka: "Huyu anasomea umeme au anachimba kaburi?" Mimi humjibu kwamba wa kwake anasomea kulala.

Basi umeme ulipofika kwetu, fundi akamwambia: "Nyumba ya bibi yako pasua wewe, tega paipu wewe, bila mimi. Nikija nikakuta ni sawa, utaanza kuvuta nyaya na kufunga meni swichi. Nikikuta uchafu, mwaka mwingine wa tindo."

Akafanya siku tatu. Alichimba mifereji ukutani, akalaza paipu za plastiki, akaweka vijiboksi vya swichi na soketi, kisha akaziba mifereji kwa saruji. Akaondoka kwenda kumwita fundi.

Nilipobaki peke yangu nikautazama ukuta wangu. Makovu kila mahali, na vitundu vya mraba kama vya panya mwenye rula. Jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inakuja kusali kwangu. Nikaona aibu. Nikachota udongo, nikakandika. Na vile vitundu nikavijaza vizuri kwa kiganja, nikalainisha. Jioni nyumba ilikuwa imelainika kama yai. Nilijisifu, sisemi uongo.

Asubuhi mjukuu wangu akaja na fundi wake. Fundi akasema, "Shikamoo Bibi," nikaitikia marahaba, akaingia, akasimama katikati ya chumba. Akazunguka. Akamgeukia mjukuu wangu.

"Kazi iko wapi?"

Mtoto akautazama ukuta, akanitazama mimi, mikono yangu bado myeupe kwenye kucha.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimefunga matundu. Kwani yalikuwa ya nini?"

Fundi akashika kiuno. "Bibi, hayo ndiyo yanayopitisha nyaya. Udongo ukiingia kwenye paipu ukakauka, tunabomoa ukuta mzima."

Mwaka mwingine wa tindo, na mwenye kosa ni mimi. Nikasema nilete jembe tuukwangue wote.

"Bibi, keti tu," mjukuu akasema. Hakupandisha sauti. Akatoa futi, akapima kutoka sakafuni, akapima kutoka kwenye fremu ya mlango, akagonga kwa kifundo cha kidole. Akachoma kwa bisibisi. Udongo ukadondoka, kijiboksi kikatokea. Akahamia ukuta wa pili, pale pale alipopima, kikatokea. Sebuleni, vyumbani, jikoni. Hakukosea hata kimoja. Hakuukwangua ukuta wangu zaidi ya upana wa kiganja.

Fundi alikuwa anamfuata nyuma. Mwisho akauliza, "Na midomo ya paipu?"

"Niliiziba, fundi. Kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ulinifundisha kwamba nyumba ikiwa na watu usiache mdomo wa paipu wazi."

"Nilikufundisha panya na mchwa. Bibi sikumtaja."

Mjukuu akavuta karatasi ya kwanza kwa kucha. Ikatoka imelowa udongo upande mmoja, upande wa ndani kavu. Fundi akaingiza waya wa chuma wa kuvutia nyaya. Ukapenya, ukaenda, ukatokea juu ya dari bila kukwama. Akajaribu paipu nyingine, napo ukapita. Nilikuwa nimebana pumzi. Nilipoiachia walicheka wote wawili.

Fundi akachukua tindo kwenye mfuko wa zana wa mjukuu wangu, akaitupa kwenye mfuko wake mwenyewe. Akampa koleo ya kukatia nyaya na roli ya waya mwekundu. "Vuta. Meni swichi utaifunga wewe, mimi nitakagua. Nimekuwa na vijana watano, hakuna aliyepata mtihani mgumu kama wa bibi huyu."

Mjukuu wangu akapanda ngazi. Safari hii aliyeishika chini alikuwa fundi. Nilimtazama yule mtoto niliyembeba mgongoni, suruali ina matope, koleo mdomoni, na nikasema moyoni, jirani na aje aone.

Akaitoa koleo mdomoni. "Na Bibi, usiguse ukuta tena mpaka nikuambie."

Katika nyumba hii hakuna anayeniamuru tangu babu yake afe.

"Sawa, fundi," nikasema.

Yule wa chini ya ngazi akadhani namjibu yeye, akaitikia kwa kichwa.