Landrova ya marehemu baba: chaji inakuja na kupotea, na mama anataka kwenda Sepuka

Wakuu, nawasalimu. Mliotangulia kwenye ufundi, shikamooni. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Singida, sijaongeza chumvi.

Marehemu baba alituachia Landrova ya zamani ya petroli. Tangu tumzike kwao Sepuka ilikuwa imepaki kwangu Mwankoko, kuku wanatagia siti ya nyuma.

Mwaka huu mama akaniambia macho yanazidi kuisha. "Nipeleke kwa baba yako nikiwa bado naona. Ila nataka gari lake."

Kaka yangu Juma ana gari zuri, full AC, akajitolea. Mama akamjibu, "Hilo lako sikuishi nalo."

Nikafunga betri mpya, ikawaka. Tukatoka mimi, mama na mke wangu Neema. Hatujafika mbali, taa nyekundu ya chaji ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena, ikagoma kuzima. Nikageuza.

Mama aligeukia dirishani tu.

Fundi umeme wa mjini akafungua alternator, ile inayochaji betri, akabadili kaboni zake zilizolika, akapima, chaji safi. Nikaijaribu hadi Unyambwa. Kwenye lami hakuna shida, kuingia kwenye mashimo, taa ile!

Wakuu, tatizo linalojificha mbele ya fundi linachosha akili.

Juma akapiga simu. "Mdogo wangu, kuna mtu wa vyuma chakavu analitaka. Unamtesa mama bure."

Iliniuma, kwa sababu kila asubuhi mama alikuwa anavaa vizuri, anakaa barazani, ananiuliza neno moja: "Leo?"

Nikarudi kwa fundi. Akafikiri, akasema, "Pima alternator, halafu pima betri, injini ikiwa inatikisika. Linganisha."

Nyumbani, Neema akakaa kwenye usukani, anakanyaga mafuta, anaachia. Mita kwenye alternator: volti kumi na nne. Kwenye betri: kumi na mbili, na zinashuka. Yaani umeme unazalishwa vizuri, unapotelea njiani.

Nikaufuata kwa vidole waya mnene unaotoka alternator kwenda kwenye betri. Katikati kuna uvimbe wa tepu. Nikabandua. Chini ya tepu kitambaa, chini ya kitambaa shaba zimesokotwa kwa mkono. Nyingi zimekatika. Zilizobaki zinagusana na kuachana kila injini ikicheza.

Nilikuwa natupa kile kitambaa. Mama akasema, "Hebu lete."

Akakisogeza karibu kabisa na jicho.

"Hiki ni kitenge changu."

Akatusimulia. Alikuwa na uchungu wa Juma, wako njiani kwenda hospitali, mvua inanyesha, gari likazima. Waya umekatika, baba hana tepu. Akachana pindo la kitenge alichovaa mama, akafungia; tepu alikuja kuizungushia juu yake baadaye.

"Anafunga, ananigeukia, anafunga tena," mama akasema, "halafu ananiambia, usizae kwanza, namalizia!"

Akacheka mpaka akalia. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia. Neema akazima injini, akashuka, akamkumbatia.

Nikafunga waya mpya, ncha zake nikazibana vizuri kwa vichwa vya shaba, nikausogeza mbali na sehemu inayosuguana. Kesho yake tukaenda. Mashimo yote ya njia ile, taa haikuwaka.

Kufika Sepuka, mama akaniomba nisizime injini. "Alisikie," akasema. Nikaliacha likinguruma pembeni ya shamba, akatembea mwenyewe hadi kaburini.

"Baba Juma," nilimsikia, "nimekuja. Nakuona nusu nusu, ila nimekuja."

Akakaa chini. Hatukumharakisha.

Nilichojifunza kiufundi: chaji ikija na kupotea, usikimbilie kubadili alternator. Pima pande zote mbili na utikise waya. Nje unaweza kuwa mzima, ndani umekatika.

La pili sina jina lake. Ninachojua, kabla ya siku ile sikuwahi kumfikiria baba akiwa kijana mwenye hofu. Natamani ningemuuliza mengi.

Juma habari za vyuma chakavu kaacha. Jumapili kaja kuomba funguo.

Mlioachiwa magari na wazazi, mnayaendesha au mnayatazama tu? Na mafundi, nikosoeni nilipokosea. Karibuni.