Vinyago vya Somo Yangu

Mwaka ule Tanga ilishikwa na homa ya maonyesho. Wake wa Wazungu wa mashamba ya mkonge walitundika picha zao za rangi katika ukumbi mmoja karibu na bandari: maua, mashua, halafu maua tena. Wahindi nao wakaonyesha picha za kamera shuleni kwao, na sisi walimu tukabandika michoro ya wanafunzi ukutani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana na sikukosa onyesho hata moja. Nilivaa viatu vyangu vya kisigino, nikatembea polepole mikono nyuma, nikasimama mbele ya kila picha kama nilivyowaona Wazungu wakisimama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimeendelea. Leo nikimkumbuka binti yule natamani kumtia kofi.

Aliyekuwa akiandaa mambo yale ukumbini ni mama mmoja wa Kizungu, mke wa meneja wa shamba. Alinipenda kwa sababu nilijua Kiingereza, nami nilimpenda kwa sababu alinipenda. Siku moja, mbele ya wageni wake, alisema angetaka kuandaa onyesho la sanaa ya wenyeji, ila watu wa Tanga, masikini, hawana vinyago. Wana mikeka na kofia tu. Wachongaji wako kusini, alisema, na wageni wakatikisa vichwa kunihurumia. Damu ikanichemka. Nina ulimi mwepesi tangu utotoni, nikamjibu palepale, "Vinyago tunavyo. Wewe tu hujaonyeshwa."

"Viko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza.

Kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo, yaani kungwi wake, amfunde mambo ya unyumba, usafi na adabu. Mwari huwekwa ndani, akachezwa unyago, na somo humtolea vinyago vidogo vya udongo kimoja kimoja, kila kimoja na wimbo wake na maana yake. Mlango hufungwa. Mwanamume hasogei hata uani, na mwanamke ambaye hakuchezwa naye hukaa nje. Ukitaka kujua, yale ndiyo maonyesho ya kwanza niliyoyaona maishani mwangu, na yaliandaliwa vizuri kuliko yote ya kule ukumbini.

Somo yangu alikuwa mjane aliyetoka upande wa Muheza akaolewa Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, ukungwi ndio uliomweka mjini: akiingia kwenye arusi wanawake walisogea kumpisha, na hakuna mama aliyepika biriani asimpelekee sahani yake. Vinyago vyake alivifinyanga kwa mkono wake mwenyewe, akavianika, akaviweka katika jamanda, kikapu chenye kifuniko, chini ya kitanda. Wiki ile alikwenda kwao matangani, akaniachia mimi ufunguo nimlishie kuku.

Nikawalisha kuku, kisha nikaingia chumbani na kuvuta jamanda. Nilichukua saba. Nilijiambia ni siku nne tu, atarudi avikute mahali pake, na kwamba wanaume watakaoviona hawatajua ni kitu gani. Wataona udongo. Nilijiambia pia kwamba nalitetea jina la Tanga, na hilo lilinipendeza zaidi.

Mama wa Kizungu alipoviona alishika mdomo. Alivigeuzageuza kwenye mwanga, akasema ni vizuri kuliko vya kusini, akanikalisha kitini kwake na kunitilia chai yeye mwenyewe. Kisha akataka kujua maana. Nilikataa. Akasema bila maana watu watadhani ni vitu vya kuchezea watoto. Nikamwambia kimoja. Akafurahi mno, akaandika haraka haraka, akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake. Basi nikamwambia vyote saba. Nilimwambia habari ya chungu chenye midomo miwili, ambacho humfunda mwari asitoe nje mambo ya ndani, na nilipokuwa nikimweleza wala sikuyasikia maneno yangu mwenyewe. Vingine sivitaji hapa, na msomaji asitegemee. Nimeshasema vya kutosha.

Aliyapiga chapa maelezo yangu kwenye kadi, Kiingereza juu, Kiswahili chini, na Kiswahili nilikisahihisha mimi. Chini kabisa aliacha nafasi ya jina la mfinyanzi. Nikamwambia aandike "Hajulikani."

Asubuhi ya kwanza mambo yalikwenda salama. Walikuja Wazungu, wakainama, wakasoma, wakasogea. Saa nne akaingia karani mmoja wa forodhani na mkewe aliyevaa buibui jipya. Walianza kwenye mikeka. Walipofika kwenye meza ya vinyago, nami nikiwatazama kutoka kona, yule mke alisimama ghafla, akavuta buibui mpaka machoni, akatoka nje mbio bila kumngoja mumewe. Mume akabaki ameduwaa. Akarudi mezani, akainama, akasoma kadi ya kwanza. Akasoma ya pili. Nilimwona anaanza kutabasamu.

Alasiri foleni ya wanaume ilifika barabarani. Wachukuzi wa bandarini, washona viatu, wauza kahawa wameacha mabirika yao kwa majirani. Wasiojua kusoma walisomewa kwa sauti. Wengine walicheka, wengine, na hao ndio walioniuma zaidi, hawakucheka, waliinamisha macho kama watu waliofungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Mama wa Kizungu alinibana mkono, akaniambia hakuna onyesho lake lililowahi kupata watu wengi namna ile. Nilimwomba aondoe kadi. Akadhani naona haya ya kusifiwa.

Wanawake hawakuhitaji kadi. Mkono wa kufinyanga hujulikana kama mwandiko, na somo yangu alikuwa na desturi ya kubonyeza shingo za vinyago vyake kwa ukucha wa dole gumba. Yule mke wa karani alikuwa amechezwa kwa vinyago vilevile. Kabla ya magharibi Ngamiani yote ilishajua ni vya nani, ila haikujua vimetokaje.

Somo alirudi siku ya tatu. Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, makungwi waliitana uani kwa mkubwa wao, na kila mwanamke aliyechezwa alikuwa na haki ya kuhudhuria. Nilikwenda na mama yangu. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amekaa safu ya mbele. Nilikuwa nimeposwa na mwanawe, mahari ilishapokewa, arusi ilikuwa baada ya mfungo. Kila mtu pale aliijua sheria. Aliyetoa siri nje akisimama mwenyewe na kukiri, hutozwa mbuzi, huomba radhi mbele ya wote, na kungwi hubaki na ngoma yake ya unyago, ambayo ndiyo ukungwi wake. Asiposimama mtu, au aliyetoa akiwa ni kungwi mwenyewe, ngoma huchukuliwa.

Kungwi mkubwa aliuliza, "Nani kavitoa?"

Nililijua jibu na nilikuwa na sauti. Darasani nilikuwa nikiwanyamazisha wasichana arobaini kwa neno moja. Nikatazama kisogo cha mama mkwe wangu, kanga yake mpya, pete zake, nikafikiri: nikisema sasa, leo hii posa inavunjika. Nikajiambia nitasema akiuliza mara ya pili. Akauliza mara ya pili. Nikajiambia ya tatu.

Somo yangu hakunitazama. Huenda ingekuwa rahisi zaidi kama angenitazama. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akainuka, akasema, "Nimevitoa mie."

Pakazuka kelele. Mmoja akamuuliza Wazungu wamemlipa nini. Mwingine, ambaye binti yake alikuwa achezwe mwezi ule, alimwambia hadharani asimguse mwanawe tena. Wakamtuma mtu nyumbani kwake akalete ngoma, na yeye akasimama palepale kuisubiri ije ichukuliwe. Mama yangu alinifinya paja. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiambia nisimame au ninyamaze, wala sikupata kumuuliza.

Onyesho lilipofungwa mama wa Kizungu alinirudishia vinyago, amevifunga kwa magazeti, kila kimoja amekibandikia kikaratasi chenye nambari. Nilivipeleka asubuhi. Somo alikuwa anafagia ua.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikasema sijala. Akaniletea muhogo na chai, akakaa kunitazama nikishindwa kumeza. Nikamwonyesha furushi la magazeti. Alifungua kimoja tu, akaibandua ile nambari kwa ukucha, akaona haitoki vizuri, akakirudisha.

"Ni mimi niliyevichukua," nikasema.

"Najua. Ufunguo nilimpa nani?"

"Kwa nini umesema ni wewe, somo?"

Alishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la watoto. "Kosa la mwari si la kungwi wake? Nimekufunda mie. Kama hukufundika, wa kuulizwa ni nani?"

Nikalia. Nikamwambia nitakwenda kwa kungwi mkubwa, nitasimama, nitasema yote, nitatoa mbuzi wawili.

"Wende lini?"

Nikafuta machozi. "Baada ya arusi," nikasema.

Hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika. "Haya," akasema. Kisha akajaza ndoo maji, akavitumbukiza vinyago vyote saba pamoja na karatasi zake, akarudi kwenye ufagio. Udongo wa kuanikwa hauchelewi kulainika. Kabla sijaondoka maji yalikuwa yamegeuka tope.

Arusi yangu ilikuja. Alialikwa kama jirani, akaja kama jirani, na hakuna aliyesogea kumpisha. Desturi ni kwamba siku hiyo somo hukaa kitandani ubavuni mwa bibi arusi, ampambe, amtulize, amjibie maswali ya watu wa upande wa mume. Kwangu, kwa kuwa somo yangu alishanyang'anywa ngoma, mama mkwe alileta kungwi mwingine, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye hakuwa na habari nyingi za mji. Alinifukiza udi na kunipaka liwa, akaniuliza maswali yanayopaswa kuulizwa, nami nikajibu yote sawasawa, maana nilikuwa nimefundwa vizuri.

Akafurahi. Akanishika kidevu. "Mashallah, mwanangu. Aliyekufunda kakufunda kweli. Nani somo yako?"

Kati yetu na ukumbi palikuwa na pazia tu. Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa chini na nyungo zao, wanachambua mchele wa karamu, na mama mkwe wangu alikuwa mlangoni na sahani ya halua. Wote walikuwa kimya wakati ule.

"Mama yangu," nikasema.

Yule kungwi akanitazama, kisha akatazama chini, kwa kuwa pwani yote hii hakuna mama anayemfunda mwanawe wa kumzaa. Ni aibu, haijapata kutokea, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alichukua kitana akaanza kunichana nywele. Aliyenifunda alikuwa upande wa pili wa pazia, anachambua mchele wa arusi yangu, na alinisikia.